Kipande cha Asnath

1

Simu iliita saa nne na dakika saba asubuhi. Niliipokea mimi kwa sababu dada wa mapokezi alikuwa ametoka kufuata maandazi. Siku nyingine ningemgombeza akirudi. Siku ile, mpaka anarudi, sikuwa na nguvu ya kumgombeza mtu.

"Nimeweka mzigo chini ya tangi namba tatu," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya kununua, ya kompyuta, zile ambazo mtu anajichagulia dukani kuficha yake, sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu, kama ya msomaji wa matangazo ya vifo redioni. "Utalipuka saa nne na nusu. Sina ugomvi na wafanyakazi. Tokeni."

Watu wanadhani ukipokea simu ya namna hiyo unapiga mayowe. Thubutu! Nina miaka ishirini na sita katika usalama wa viwanda, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kutokata simu. Nikavuta ile karatasi ya njano iliyobandikwa chini ya meza, nikaanza kumuuliza maswali yaliyoandikwa humo, moja moja, kwa upole, kama ninavyomuuliza mteja aliyepoteza risiti. Mzigo wenyewe unafananaje? Umeuweka lini? Kwa nini unafanya hivi? Wewe uko wapi sasa hivi? Unaandika maneno yake vilevile alivyoyatamka, hata akikutukana. Niliandika pia nilichokisikia nyuma yake, kuku kadhaa na mtu anapiga randa mbao.

"Ni kiroba cha bluu," alisema. "Usinichimbe zaidi, mama. Watoe watu."

Akakata. Sikukirudisha kikono cha simu mahali pake. Nilikilaza mezani kikiwa wazi ili laini isifungwe, nikabonyeza kitufe cha Karani.

Karani ni ule mtambo unaoendesha kiwanda. Kwenye makaratasi ana jina refu la kigeni ambalo hakuna aliyewahi kulitamka likanyooka, basi sisi wa Singida tukamwita Karani, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutuhesabu. Kila mfanyakazi anavaa shingoni kadi ndogo, na hiyo nayo tuliiita kipande, kama babu zetu walivyoita zile kadi za mashambani. Kipande kinamwambia Karani uko wapi, umesimama au unatembea, na umeondoka kwenye mashine yako kwa dakika ngapi.

"Nimekiona kiroba cha bluu kwa kamera ya tangi namba tatu," alisema Karani kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Hakimo kwenye orodha ya vifaa. Mtu yeyote asikisogelee wala kukigusa. Simu za mkononi na redio zizimwe. Naanza kutoa watu. Upepo unatoka mashariki, tumieni uwanja wa juu."

King'ora kikaanza kulia. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

2

Niseme kiwanda chenyewe kilikuwa kinafanya nini, maana bila hivyo hutanielewa nilichokifanya.

Kule juu kwenye mawe, mashine za upepo zinazunguka mwaka mzima. Umeme wake unaletwa kwetu, nasi tunaivunja hewa na maji, tunatengeneza amonia. Nusu inakuwa mbolea, nusu inapelekwa pwani kuendesha meli. Ni kitu chenye manufaa sana kikiwa ndani ya tangi. Kikitoka kinachoma macho, kinachoma koo, kinachoma mapafu, na mtu hafiki mbali. Tangi namba tatu lilikuwa limejaa. Chini yake, upande ule upepo unakoelekea, kuna mtaa wa Bondeni wenye watu elfu mbili na mia nne, na shule ya msingi.

Kwa ajili hiyo tuliwekewa povu. Kukiwa na hatari ya mlipuko, Karani anafunga milango yote ya jengo kuu, ukumbi wa mitambo pamoja na banda la matangi, kisha anafungulia povu zito jeupe kutoka sakafuni. Linapanda kwa dakika kumi na moja hadi darini, halafu linakauka. Bomu likilipuka humo linakohoa tu. Lakini kupumua hakuwezekani ndani ya povu, kwa hiyo sharti jengo liwe halina mtu hata mmoja.

Kuna mji mmoja, siutaji, mashine ilikosea hesabu ikawafungia watu saba. Baada ya hapo Bunge likapitisha Sheria ya Kiganja. Sheria inasema mashine ihesabu, ishauri, ipange, lakini povu lisipande bila mkono wa binadamu aliyeapishwa. Na mkono huo si wa kugusa na kuondoka. Unauweka juu ya kibao cha kioo uwanjani na unaubakiza pale muda wote, dakika zote kumi na moja. Ukiuondoa tu, povu linasimama na kuyeyuka, na kulianza upya kunachukua saa nzima. Wanasheria walitaka asije mtu akasema ni mashine iliyofanya.

Mkono ulioapishwa kwetu ulikuwa wangu. Tatu Msengi, mkuu wa usalama, mjane, mama wa watu wazima wawili wasionipigia simu. Niliapa mbele ya hakimu nikiwa nimesuka nywele vizuri, tukapiga na picha.

3

Watu walitoka vizuri, nawasifu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyerudi kuchukua mkoba, na wale wa mwisho walifunga milango nyuma yao bila kuipiga ufunguo. Tulikuwa tumefanya mazoezi mara nyingi mpaka wakawa wananitania kwamba nitawatoa hata siku ya mazishi yangu. Saa nne na dakika kumi na sita wote walikuwa uwanja wa juu, mgongo kwa upepo. Wale wa ulezi, kile chumba cha kulelea watoto, nao walikuwa wamewatoa watoto wa wafanyakazi, wakakaa nao chini ya turubai mwisho wa uwanja.

"Vipande mia mbili na kumi na viwili," alisema Karani kutoka kwenye nguzo. "Waliosajiliwa leo ni mia mbili na kumi na wawili. Jengo ni tupu. Naomba kiganja."

Mimi sikuwa namwamini Karani. Nilikuwa na daftari langu, na kila mazoezi niliita majina kwa mdomo, mtu aitike nisikie. Vijana walicheka, wakasema mama anaishi karne iliyopita. Nikaita. Niliita haraka kwa sababu dakika zilikuwa zinakwenda, lakini niliita jina kwa jina, nikiweka alama.

"Asnath Kitundu!"

"Yupo!"

Nikaweka alama. Nikaendelea.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile halikuzaliwa siku ile. Ngoja nilieleze.

Sisi tulikuwa tunabebeana vipande. Karani hana huruma ya aina yoyote. Ukiwa mbali na mashine yako zaidi ya dakika kumi na tano anakuandikia, ukiandikiwa mara tatu unafukuzwa. Sasa mtu ana mgonjwa, mtu tumbo linamsumbua, mtu anataka kuswali bila kukimbizwa. Anamvulia mwenzake kipande, mwenzake anavaa viwili, Karani anawaona wote wako kazini. Na majina yakiitwa na wasimamizi asubuhi, anayebeba ndiye anayeitika: yupo. Haikuwa uhuni. Tuliona ni utu, maana bila hivyo tungekuwa sehemu za mashine.

Aliyeanzisha ni mimi. Mama yangu alipokuwa anakufa hospitali ya mkoa, nilikaa naye siku kumi na moja, na siku zote hizo kipande changu kilikuwa kazini shingoni mwa Njou. Njou ni fundi wa pampu, mtani wangu wa miaka mingi, mtu wa maneno mengi na moyo laini. Nilipopandishwa cheo nikawa mkuu wa usalama nilijua fika kwamba watu wanabebeana. Nilipaswa kukomesha. Ningeanzaje, mimi niliyemzika mama yangu kwa msaada huo?

Asnath alikuwa na miaka ishirini na tisa, anaangalia mageji ya kompresa kwenye ukumbi wa mitambo, na ana mtoto wa miezi minne, Tunu. Ulezi uko getini, mbali. Kwenda na kurudi tu dakika zake zinakwisha kabla hajafungua kifungo. Akaja kwangu analia, maziwa yamelowesha sare. Nikampa ufunguo wa stoo ya magunia matupu nyuma ya ukumbi, nikamwambia awe anakamua humo mara mbili kwa siku, chupa zipelekwe ulezi na watu wa usafi, na kipande ampe Njou, ambaye pampu zake zilikuwa ukumbi uleule. "Mama, Mungu akuweke," aliniambia.

Stoo ile haikuwa na king'ora. Katika ramani ya Karani ni mahali pasipokaa mtu. Na ukuta wake mmoja ni wa kompresa, kwa hiyo Asnath alikuwa anavaa vizuia sauti masikioni.

Njou alitoka na vipande viwili shingoni, kimoja ndani ya shati. Jina la Asnath lilipoitwa mdomo wake uliitika wenyewe, kama ulivyoitika kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Sikuinua macho kutoka kwenye daftari. Nikalifunga, nikaweka kiganja kwenye kioo.

"Nimepokea," alisema Karani. "Saa nne na dakika kumi na tisa. Povu linaanza."

4

Bi. Fatu wa ulezi alikuja dakika mbili baadaye, amembeba Tunu anayelia kwa hasira.

"Dada Tatu, Mama Tunu yuko upande gani? Chupa ya saa nne haikuletwa. Huyu akishikwa na njaa hanyamazi, si unamjua."

Nikageuza shingo. Mkono ulikuwa kwenye kioo.

"Asnath!" niliita. "Asnath Kitundu!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeitika. Njou alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, nikamwona anaweka mkono kifuani, juu ya shati, mahali kile kipande kilipokuwa.

"Mama yangu wee," alisema. "Tatu. Ninacho mimi."

Hapo hapo simu ya nguzoni ikaita. Ni simu za waya, za zamani, hata stoo inayo moja, tumeziacha kwa sababu waya hauleti cheche wala hauwashi kiroba cha mtu. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Asnath. Hata siku ile alianza na salamu.

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Si huku stoo. Nimemaliza, nafungua mlango, nakuta ukumbi wote mweupe, povu limenifika kifuani! Nimerudi nikafunga. Leo ni mazoezi? Mbona sikusikia kitu?"

Njou alikuwa ameshaanza kukimbia. Nikapaza sauti, "Mshikeni huyo!" na vijana wawili wakamdaka kiunoni, wakaanguka naye kwenye kokoto. Hakuna anayerudi ndani. Nimelisema hilo katika mafunzo mpaka sauti ikakauka, na sababu yake ni hesabu tu, anayerudi anaongeza maiti. Alilia pale chini anawatukana. Sikuwahi kumsikia Njou akitukana bila kucheka.

"Karani," nilisema, nimefunika simu kwa bega. "Kuna mtu stoo ya magunia."

"Stoo ya magunia haina watu," alisema Karani.

"Kuna mtu, nakwambia! Naongea naye!"

Karani akaisikiliza laini. "Nimesikia sauti yake kwenye laini. Nasahihisha hesabu. Aliye ndani ni mmoja. Povu litaijaza stoo kwa dakika sita na nusu kutoka sasa. Ukiondoa kiganja, povu litasimama na kuyeyuka, na mtu huyo ataweza kutoka baada ya dakika nne. Kiroba kitabaki bila kinga. Mlipuko umetajwa saa nne na nusu. Zimebaki dakika nane. Bondeni hawajamaliza kuondoka. Uamuzi ni wa mwenye kiganja."

Nilitazama Bondeni. Kutoka uwanja wa juu unaiona yote. Barabara ya vumbi ilikuwa imejaa watu na mikokoteni, na mbele ya wote walikuwa watoto wa shule, masweta ya kijani, wawili wawili wameshikana mikono kama walivyofundishwa, na mimi ndiye niliyekwenda pale shuleni kuwafundisha. Mwalimu wao alikuwa anatembea kinyumenyume mbele yao. Walikuwa bado hawajavuka hata korongo.

Kiroba labda kilikuwa na mchanga. Nilifikiri hivyo, sikatai. Simu tisa katika kumi za namna ile ni uongo wa mtu mwenye hasira. Lakini yule hakuongea kama mwongo.

"Mama?" Asnath aliita. "Umenyamaza. Kuna nini huko?"

"Kuna mtu amepiga simu ya bomu."

"Mh! Watu hawana kazi." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Mama, linaingia chini ya mlango."

"Weka magunia. Ziba."

Nikamsikia anaburuta magunia. Bi. Fatu alikuwa amesimama mbele yangu, na Tunu bado analia, na yule mama alikuwa ameshaelewa. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kulia. Uwanja mzima ulikuwa unautazama. Hakuna aliyesema uondoe, hakuna aliyesema uache. Watu mia mbili na kumi na mmoja, na wengi wao wana nyumba Bondeni.

"Nimeziba," Asnath alisema, anahema. "Linapita tu. Mama, hulizimi?"

Nataka mnielewe hapa. Kuhusu mkono, nimeulizwa na wengi na nimejibu, na nikiulizwa tena nitajibu hivyo hivyo. Ningeuondoa ningekuwa nimewachezea kamari watoto wale. Sikuuondoa. Sijisifu, na wala sijifichi.

Ni kuhusu mdomo.

"Nimezima," nilimwambia.

"Umezima?"

"Nimezima, mwanangu. Hilo linaloingia ni la kwenye mabomba, litakwisha."

"Uuh! Asante, mama. Nilishaanza kutetemeka." Akavuta pumzi ndefu. "Huyo ni Tunu analia?"

"Ndiye."

"Ana sauti huyo! Mwambie nakuja. Chupa ninayo hapa, nimeizungushia khanga, bado ina moto. Bi. Fatu asimpe ule uji wa kopo, unamfungia tumbo."

"Nitamwambia."

"Lile tundu la feni kule juu, nijaribu kupita? Nikipanga magunia nitalifikia."

"Kaa tu. Utajiumiza bure. Tunakuja kukufungulia."

"Haya."

Akakaa. Nilimsikia anakaa. Akaanza kuniambia habari za mume wake, kwamba ataishia kucheka akisikia mkewe amefungiwa stoo na magunia, kwamba jana amenunua kitanda cha mtoto chenye miguu isiyolingana. Nikawa naitikia, ehe, ehe, na kiganja kimelowa jasho juu ya kioo hata nikaogopa kitateleza. Baadaye akasema limefika magotini. Nikasema litashuka. Akasema limefika kiunoni, akauliza tena kama nimezima kweli, na nikaapa kwa mama yangu.

"Mama, usikate simu," alisema.

"Sikati."

Sikukata. Kulikuwa na kukohoa, halafu kukawa kimya, na mimi nikaendelea kusema nipo, Asnath, nipo, mpaka Karani akaniambia povu limefika darini.

Saa nne na dakika thelathini na moja ardhi iligonga mara moja chini ya nyayo zetu. Hakukuwa na moto, wala moshi. Kule korongoni watoto wa masweta ya kijani hawakugeuka hata kutazama.

5

Tume ilikaa wiki mbili. Walitaka kujua ni nani aliyeitika "yupo", na kabla sijafungua kinywa Njou alisimama, akasema mimi. Nikasimama nami nikasema ufunguo wa stoo nilitoa mimi, na kubebeana nilianzisha mimi. Wakaandika. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mwema, alisema makosa yapo lakini kiganja kilifanya kazi yake, na kwamba watu elfu mbili na mia nne wako hai. Alinipa mkono. Mkono uleule.

Njou hakurudi kazini. Nilikwenda kwake mara mbili; mara ya kwanza alijifungia, mara ya pili alitoka tukakaa kibarazani mpaka jua likasogea, na hakunitania hata neno moja. Stoo ikawekewa king'ora. Kina mama wakajengewa chumba cha kunyonyeshea hatua ishirini kutoka mitamboni, chenye viti na sinki.

Mimi nilirudi stoo na futi ya kupimia. Tundu la feni lina upana wa sentimita thelathini na mbili. Nimelipima mara tatu, siku tatu tofauti. Asnath alikuwa mwembamba. Sijui.

Mazungumzo yetu Karani aliyahifadhi, kama anavyohifadhi kila kitu. Tume ikaamua familia isisikilizishwe, ikasema yataumiza bila faida. Mume wake, Baba Tunu, akaniletea ujumbe kupitia Bi. Fatu. Hakutaka rekodi. Alitaka nije mimi.

Nilikwenda Jumamosi baada ya saa sita mchana. Anaishi Bondeni, nyumba ya tatu kutoka shuleni. Alikuwa uani anafua nguo za mtoto, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni."

"Tumeshapoa. Karibu ukae."

Akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, fundi wa baiskeli za umeme, na ndevu alikuwa ameziacha. Hakunizungusha.

"Niliambiwa mliongea."

"Tuliongea."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi shida yangu ni moja tu, mama. Suala la mkono nimelielewa. Nakaa hapa, na siku ile nilikuwa kwenye barabara ile. Nililala siku nyingi nikikuchukia, sasa nimechoka. Nataka kujua tu alisema nini. Kwa mtoto. Nimekuwa nikijipa moyo kwamba alipata nafasi ya kumwombea, au kumwachia neno. Ni neno gani?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nilikuwa na neno zuri mdomoni, nimelitunga mwenyewe, la mama anayempenda mwanawe, na hakuna mtu duniani ambaye angenisuta isipokuwa Karani. Nikamtazama yule baba. Nikajua kwamba nikimpa, itakuwa ni mara ya pili namfungia Asnath mlango.

"Hakuacha neno," nilisema.

Alikunja uso. "Hakuwa na muda?"

"Muda alikuwa nao. Dakika sita na zaidi. Aliniuliza kama nimezima povu, nikamwambia nimezima. Mkono ulikuwa kwenye kioo, nikamwambia nimezima. Aliniamini. Alikuwa anasubiri tumfungulie. Alinisimulia kitanda ulichonunua. Akamsikia Tunu analia, akasema mwambie nakuja."

Jirani alikuwa anapepeta mtama, nikawa nasikiliza ungo. Machozi yalikuwa yanamtoka Baba Tunu bila yeye kuyafuta.

"Kwa hiyo hakuogopa," alisema.

"Mwishoni kidogo. Si sana."

"Wala hakumuaga."

"Hakumuaga. Nilimnyima mimi. Simu ilikuwa mkononi mwangu na mtoto alikuwa mbele yangu, hatua moja. Ningeweza kumwekea sikioni. Nilitaka asife na hofu, baba. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Siku hizi naona nilikuwa sitaki mimi kumsikia akilia."

Akainama, akaokota nguo ndogo ya mtoto iliyodondoka chini, akaikung'uta vumbi, akairudisha kwenye beseni. Nilingoja anifukuze. Ningefurahi kama angenifukuza.

"Mimi siwezi kumwambia hayo mtoto," alisema hatimaye. "Nitapamba. Najijua, nitatunga kitu. Akifika umri wa kuuliza mama yake alikufaje, utakuja wewe. Utakaa hapo hapo ulipokaa, umwambie kama ulivyoniambia, pamoja na hilo la kuzima."

"Baba Tunu, mimi nina miaka hamsini na nane. Mtoto mwenyewe hana hata mwaka."

Ndani ya nyumba Tunu alikuwa ameamka, ameanza kuita kwa sauti yake ile. Baba yake akasimama kwenda kumchukua.

"Basi jitahidi usife, mama," alisema, akainama mlangoni akaingia.